Mshubiri wa Mama Mkwe

Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu sikuwahi kuuona vizuri uso wa mama mkwe wangu. Niliujua mgongo wake. Nilikijua kikohozi chake, na mwendo wake wa haraka, kapu la samaki likiwa kichwani bila kushikwa. Tukikutana njiani yeye aliacha njia na kuingia majanini, nami niliinamisha kichwa nikapita. Hiyo ndiyo heshima ya watu wa ufukwe wetu wa ziwa Mweru: mwanamume na mama wa mkewe hawatazamani, hawali pamoja wala hawasemezani, mpaka siku familia itakapomwingiza ukweni kwa taratibu zake. Na siku hiyo haiharakishwi. Wapo walioingojea mpaka mtoto wa tatu.

Mimi nilizaliwa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Baba yangu alikuwa mchuuzi wa samaki, akatuvusha tungali wadogo. Nilisoma upande huu, nikafundishwa kazi ya kliniki, na katika miaka ya sabini nilikuwa kliniki ya Nchelenge, ndani ya chumba kidogo chenye dirisha moja, nikipima makohozi, damu na mikojo ya watu. Nyumbani mimi na mke wangu tulisema Kibemba. Kiswahili changu, kile cha ng'ambo, nilikitumia na Wakongo waliokuja na mitumbwi.

Mama mkwe alikaa Kabuta. Alikuwa mjane, mwenye mwili mkubwa na sauti ya kusikika mbali, na kazi yake ilikuwa chisense, wale dagaa wadogo wa ziwa letu. Aliwanunua kwa wavuvi alfajiri, akawaanika mchangani, jioni akawauzia Wakongo au wanaume wa baiskeli waliowapeleka bara. Kwa ajili ya biashara hiyo alikijua Kiswahili, tena alikisema kwa ukali kuliko mimi.

Siku moja mke wangu alirudi kutoka kwa mama yake. Alikaa akichambua mboga, mara akasema, bila kuniangalia:

"Kuna mtu wa kwetu anakunywa maji hayamtoshi. Anamaliza mtungi. Na pale anapojisaidia haja ndogo, asubuhi unakuta sisimizi wamejaa, utadhani pamemwagika chai."

"Mtu gani?"

"Mtu tu. Shangazi."

"Amekonda?"

"Vitenge vyake vinamzunguka mara mbili sasa. Na mguuni ana kidonda cha mwiba wa samaki, mwezi wa pili huu hakifungi."

Nikamwambia aniletee mkojo wa huyo shangazi katika chupa safi. Aliuleta baada ya siku tatu, katika chupa ya dawa ya kikohozi iliyofungwa kwa kipande cha kitenge kama kitu cha thamani.

Kipimo chenyewe kilikuwa rahisi siku zile. Unatia dawa ya buluu ndani ya kichupa chembamba cha kioo, unadondosha matone manane ya mkojo, unachemsha juu ya moto wa spiriti huku unatikisa. Ikibaki buluu, hakuna sukari. Ikiwa kijani, ipo kidogo. Ikiwa ya manjano, imezidi. Ule mkojo haukukaa kwenye kijani wala kwenye manjano. Uligeuka mbele ya macho yangu ukawa rangi ya tofali lililochomwa, mzito, na chini ukaacha tope.

Jioni nilimwambia mke wangu kwamba shangazi yake ana ugonjwa wa sukari, na kwamba asipoletwa kliniki upesi tutamzika. Aliweka chini sufuria.

"Si shangazi," akasema. "Ni mama."

Nilikuwa nimeushika mkojo wa mama mkwe wangu, nikauchemsha na kuunusa. Mke wangu alijifunika uso kwa mikono, na sikujua kama analia au anacheka. Nadhani alifanya yote mawili.

"Asijue kwamba ni wewe uliyepima," akasema. "Afadhali afe."

Basi tukamficha. Siku alipoletwa kwa daktari, mimi nilijifungia chumbani mwangu mpaka alipoondoka. Daktari alimpa vidonge vya kumeza kila asubuhi, akamwambia apunguze chai ya sukari na vyakula vitamu. Mimi, kwa kuwa sikuweza kumweleza mwenyewe, nilimtuma mke wangu na ujumbe mmoja, nikaurudia mara tatu ili asiusahau: hivi vidonge asiviache hata siku moja, iwe mvua, iwe msiba, iwe safari. Hata siku moja. Ndilo neno nililoling'ang'ania, nikaona nimemaliza kazi.

Siri yetu haikudumu. Kila wiki chupa iliondoka Kabuta na kila wiki majibu yalirudi, na mama mkwe hakuwa mjinga. Jumapili moja tulikwenda kumtazama. Mimi, kama kawaida, nilibaki nje ya ua wa matete, nimeketi juu ya kinu kilichopinduliwa, baiskeli yangu imeegemea pembeni. Mke wangu alikwenda ziwani kuchota maji. Nikasikia sauti ndani ya ua, kwa Kiswahili:

"Hawa samaki yangu, niko nabauliza kitu. Ile dawa ya lopitali, mutu atakunywa mpaka siku gani?"

Niligeuza kichwa kumtafuta aliyekuwa akiongea naye. Hakuna mtu. Kupitia matete niliona mgongo wake tu, ameinamia mkeka wa dagaa. Nikaelewa. Nikaiangalia baiskeli yangu, nikaijibu:

"Ni dawa ya kila siku, mpaka mwisho."

"Samaki banauliza tena. Mukojo njo namna gani?"

"Ilikuwa nyekundu. Sasa iko manjano."

Akacheka kidogo, akaendelea kugeuza dagaa. Mke wangu alipofika na ndoo akatukuta katika hali hiyo, alishtuka, akamuuliza mama yake kwa Kibemba tangu lini anasemezana na mkwe. Mama mkwe akajibu bila kusita kwamba hajasema na mkwe yeyote. Ameongea Kiswahili, na Kiswahili ni cha sokoni. Maneno ya ukwe ni Kibemba.

Tangu siku hiyo tuliishi kwa kanuni hiyo. Yeye aliwauliza samaki, mimi niliijibu baiskeli. Lakini kuna jambo moja ambalo samaki hawakuwahi kuniuliza, nalo lilikuwa la majani.

Kulikuwa na mama mmoja wa Kongo aliyevuka na chumvi na mafuta ya mawese, akarudi na chisense. Alikuwa mteja wa mama mkwe wa miaka mingi. Alipomwona amekonda, akauliza, akaambiwa ni sukari. Safari iliyofuata alimletea mmea ndani ya kopo la maziwa ya unga: majani manene yaliyojaa maji, marefu kama visu, yenye meno pembeni. Wenyewe pale waliuita dawa ya uchungu tu. Baadaye nilikuja kujua kwamba kwa Kiswahili cha vitabuni ndio mshubiri, ambao utomvu wake ndio ile shubiri watu wanayoifananisha na kila kitu kichungu duniani. Mama wa Kongo alimwambia: "Kwetu bugonjwa ya sukari, batu banakunywaka hii. Kata, kamua, kunywa asubuhi. Utaona."

Mama mkwe aliupanda nyuma ya nyumba, mahali maji ya kuoshea vyombo yalipomwagwa, ukakubali. Hakuniambia. Wiki zile chupa zilizidi kuwa nzuri, kutoka manjano zikaingia kijani, na mimi nilijisifu moyoni kwamba vidonge vinafanya kazi na kwamba mgonjwa wangu ananisikiliza. Kumbe kule Kabuta mama mkwe alikuwa anajisifu vilevile kuhusu majani yake.

Aliyevujisha habari ni mke wangu. Nilikasirika kama kijana mwenye cheti anavyokasirika. Nilisema maneno mengi kuhusu ujinga, nikamwagiza aende kumwambia mama yake ang'oe kile kitu. Mke wangu alikwenda, akarudi na jibu:

"Anasema: yule mutu ya lopitali, yeye alisoma karatasi. Mimi niko nasoma mwili yangu."

Nilidhani amekataa na yamekwisha. Kumbe aliamua kuyatumia zaidi na kuyaficha zaidi. Hapo awali alikuwa akichukua kipande kidogo. Sasa, ili chupa ifike buluu na mimi nione haya, akaanza kutwanga jani zima na ganda lake, pamoja na ule utomvu wa manjano unaotiririka ukilikata, akanywa kikombe.

Siku moja, wiki zile zile, nilikuwa Kabuta kwa kazi. Nilikwenda na muuguzi mmoja kupima watoto uzito na kuwachanja. Tulikuwa tumefunga mizani kwenye boriti ya kanisa, kina mama wamepanga mstari, jua limeanza kuwa kali. Mwanamke mmoja akaja mbio kutoka upande wa mchanga wa kuanikia, anapiga kelele kwa Kibemba kwamba mama amerukwa na akili, anagombana na mtu asiyeonekana.

"Mama yupi?"

Akaniangalia, akasita, kisha akautaja ukoo wa mke wangu.

Nilikimbia. Nilimkuta amekaa katikati ya dagaa wake, miguu imenyooka mbele, kitambaa kimemtoka kichwani. Jasho lilikuwa likimtoka kama aliyemwagiwa maji, lakini nilipokaribia niliona anatetemeka kwa baridi. Alikuwa akiwafokea samaki maneno yasiyoungana. Wanawake walisimama mbali, wengine wamefunika midomo, na waliponiona nafika mmoja akaniambia taratibu, "Baba, ni mama mkwe wako." Kana kwamba sijui.

"Alikula nini leo?" nikauliza.

"Hakula. Tangu jana tumbo linamwendesha. Anashinda chooni."

"Na vidonge?"

"Alimeza. Tulimwambia apumzike leo, akakataa. Alisema mkwe wake amekataza kuacha hata siku moja."

Sijasahau namna maneno yale yalivyoniingia. Kidonge kinashusha sukari, na tumbo lilikuwa tupu siku mbili. Nilikuwa nimemwambia asiache dawa. Sikuwahi kumwambia kwamba asile dawa bila kula chakula, wala kwamba siku ya kuumwa tumbo aje upesi tumwangalie. Nilidhani mtu yeyote angejua. Nani angejua, kama sisi tuliosomeshwa hatukusema?

Nikaita sukari. Mama aliyekuwa akiuza chai na vitumbua akaja na kopo lake zima. Nililowesha sukari kwa maji kidogo kiganjani, ikawa kama uji mzito, nikapiga magoti mchangani mbele ya mama mkwe wangu. Nikamshika kidevu. Nyuma yangu nilisikia wanawake wakivuta pumzi kwa pamoja. Nikampaka sukari ndani ya shavu kwa kidole, na kwenye fizi, kidogo kidogo ili asipaliwe, nikangoja ameze mate, nikampaka tena. Mara ya kwanza alining'ata. Nikaendelea.

Sijui tulikaa muda gani. Muuguzi alifika, akamshika mgongo. Polepole kutetemeka kukapungua, macho yakaacha kuzungukazunguka, yakatua usoni mwangu. Ndipo nilipomwona. Alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi, na macho kama ya mke wangu kabisa. Tulitazamana, labda kwa muda wa kuvuta pumzi mara mbili. Kisha akaelewa ni nani aliyemshika, akavuta kitenge chake akajifunika kichwa chote, na ndani ya kitenge akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ndogo iliyochoka:

"Nani alileta huyu hapa?"

Tulimpa chai tamu na kitumbua, akavila humo humo ndani ya kitenge. Tukampakia kwenye lori la samaki hadi Nchelenge, kwa sababu vidonge vile vinakaa mwilini muda mrefu na sukari ingeweza kushuka tena. Ilishuka kweli, mara moja, jioni ile, lakini alikuwa mikononi mwa watu. Walimweka kitandani siku tatu.

Mimi sikwenda wodini. Nilikaa chumbani mwangu na aibu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kumgusa mama mkwe mbele ya Kabuta nzima. Ya pili sikumwambia mtu mpaka mke wangu aliponiuliza kwa nini sili.

"Ni mimi niliyemwangusha," nikamwambia. "Si majani peke yake."

Alifikiri. "Yeye kule anasema ni yeye aliyekuangusha wewe. Anasema alitaka ushindwe, kwa hiyo alitwanga jani zima."

Siku ya nne alikuja mjomba wa mke wangu, kaka yake mama mkwe, ambaye kwa watu wa kwetu ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake. Alikuwa fundi wa kushona nyavu, mtu wa maneno machache. Nilijiandaa kulipishwa faini. Akaketi, akanywa maji, akasema kwamba amesikia niliingia ukweni bila kuingizwa.

"Ndiyo, baba."

"Ulipitia mdomoni."

Yeye mwenyewe akaanza kutikisika mabega, akacheka mpaka akapangusa machozi. Kisha akawa mtu mzima tena, akasema familia imekaa. Mtu akishatolewa kwenye kifo hawezi kuambiwa amfiche uso aliyemtoa. Nitafute kuku na kitambaa, na wao watapika. Mtoto wetu alikuwa mmoja tu, bado ananyonya, lakini hawatangoja wa pili.

Sherehe ilifanyika baada ya wiki chache, alasiri, ndani ya ua ule wa matete. Wanawake waliimba, nikaketishwa kwenye mkeka mpya, nikawekewa ubwali, ule ugali wetu wa muhogo, na kuku na samaki wa pale, na mama mkwe akaja mwenyewe na bakuli la maji, akanawisha mikono yangu. Alikuwa anatetemeka tena, lakini safari hii halikuwa jambo la sukari. Watu walipotawanyika akaketi mbele yangu, mkao wa pembeni pembeni, akaongea nami kwa Kibemba kwa mara ya kwanza. Alinisalimu, akaniuliza hali ya mtoto. Baada ya hapo akarudi kwenye Kiswahili, kwa sababu sasa lilikuwa jambo la kazi.

"Bon. Uniambie mbele ya macho. Ile majani yangu, nitupe?"

Nilikuwa nimeshamuuliza daktari. Alikuwa mtu mwaminifu, aliniambia hajui. Alisikia watu wa nchi nyingine nao wanautumia kwa sukari, lakini hajaona mtu aliyethibitisha. Alisema utomvu wa manjano ndio unaoharisha. Ule ute mweupe wa ndani si mkali hivyo, na kama mgonjwa anaupenda, basi awe chini ya kipimo na asithubutu kuacha vidonge kwa ajili yake.

"Usitupe, mama," nikasema. "Lakini tutakubaliana."

Tukakubaliana. Jani lisimamishwe kwanza mpaka utomvu wa manjano uchuruzike wote, limenywe, ute uoshwe. Kijiko kimoja, si kikombe, na baada ya kula. Vidonge vibaki palepale, na siku asipokula asimeze, aje kliniki. Tumbo likiharisha, majani yaachwe siku hiyo hiyo na mimi niitwe. Na chupa kila wiki, bila kitenge cha kuifichia.

"Na weye," akasema, "usicheke tena majani yangu."

"Sitacheka."

Tulifanya hivyo kwa muda mrefu. Kuna kipindi nilimwomba aache majani mwezi mzima ili nione. Chupa zikabaki kijani. Aliporudi kuyatumia, wiki nyingine zilikuwa kijani, nyingine karibu na buluu. Niliandika yote, lakini nilikuwa na mgonjwa mmoja tu, ambaye pia aliacha sukari ya chai, akapunguza vitumbua, na kutembea mchangani kutwa. Sikuweza kusema ni lipi lililosaidia, na mpaka leo siwezi. Kidonda cha mguu alikipaka ute ule kila siku baada ya sisi kukisafisha, kikafunga. Yeye alishukuru majani. Muuguzi alishukuru usafi. Mimi nilishukuru kwamba mguu ulibaki.

Lililobadilika wazi lilikuwa kwamba aliniambia kila kitu. Alikuja mwenyewe Nchelenge, akaketi kwenye benchi la wagonjwa, akaniletea chupa yake mkononi na kusema aliyokula na aliyoyala kwa siri. Niligundua kwamba wagonjwa wengi walikuwa na majani yao nyumbani, na kwamba walikuwa wakitudanganya kwa sababu tuliwacheka. Nikaanza kuwauliza bila kukunja uso. Wakaanza kujibu.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, hata nilipohamishiwa kliniki ya upande wa Puta na mwingine akachukua chumba changu. Mara ya mwisho nilipopita Kabuta nikiwa likizo, nilimkuta anabishana na mwanamke wa Kongo aliyekuja kumwomba jani, kwa maana habari za mshubiri wake zilikuwa zimevuka ziwa kurudi zilikotoka. Mwanamke alikuwa mnene, amechoka, anakunywa maji kikombe juu ya kikombe.

"Jani nitakupa," mama mkwe alikuwa akimwambia. "Lakini kwanza uende ku lopitali, bapime mukojo. Ikiwa nyekundu, banakupa kidonge, unakula chakula, unameza. Kisha njo unarudia hapa kwangu."

"Mama, minaogopa lopitali. Jani tu."

"Basi hakuna jani," akasema, akakaa mbele ya mmea wake kana kwamba analinda mlango, mpaka yule mwanamke akakubali kwenda. Nilimpeleka mimi mwenyewe, na mama mkwe akatufuata nyuma kwa mwendo wake ule wa haraka, akihakikisha hatugeuki.